Walimcheka Daktari wa Meno: Stori ya Ganzi Iliyo Mdomoni Mwako

Sindano ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ikafanya mdomo wa chini uwe mzito kama mkate uliolowa chai, lakini gego lenyewe lilikuwa bado liko macho. Daktari akachukua koleo, akashika, akasukuma kidogo, na mimi nikainua mkono.

"Daktari, bado naskia."

"Hiyo unaskia ni kusukumwa tu, kijana. Si uchungu. Jikaze kidogo."

Basi nikajikaza. Gego likatoka vipande vitatu. Nilitoka hapo shati limelowa jasho, na kwa matatu ya kurudi Umoja nikawa nalia kimya kimya kama mtu ameachwa siku ya Valentine. Kondakta aliniangalia mara moja tu, hata hakunisumbua na chenji.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne. Kliniki siitaji, hiyo si kesi yangu leo. Kesi yangu ni lile neno "jikaze". Nilikaa nalo wiki nzima nikila uji na kusoma, nikitaka kujua hii dawa ilitoka wapi na kwa nini ilikataa kwangu. Nilidhani nitakutana na maprofesa wenye makoti meupe, maabara, vitu kama hivyo. Kumbe stori inaanza kwa shoo ya burudani ya senti 25, na aliyeileta hospitalini alikuwa daktari wa meno. Walimcheka mpaka akavunjika. Na sababu ya kumcheka ni kwamba mgonjwa mmoja alipiga kelele.

Ngoja nianze mbele kidogo ya hapo.

Mwanzo wa karne ya 19, kama mguu wako umeoza na lazima ukatwe, ulikuwa unapewa pombe ama afyuni, unafungwa kwa meza, wanaume wanne wanakushika, na daktari anakimbizana na saa. Daktari bora alikuwa yule mwenye kasi. Huyo mgonjwa hakuwa na chaguo, akikataa anakufa. Lakini mtu wa jino ana chaguo: anafika mlangoni, anasikia mwingine akipiga nduru ndani, anageuka anarudi nyumbani na jino lake. Ndiyo maana naamini haikuwa ajali kwamba madaktari wa meno ndio walisumbuka na hili jambo kuliko wapasuaji. Kwa mpasuaji uchungu ulikuwa hali ya dunia. Kwa daktari wa meno uchungu ulikuwa unafukuza wateja. Na kulikuwa na pesa zaidi: kutengenezea mtu meno ya bandia yakae vizuri, inabidi kwanza ung'oe mizizi yote iliyobaki. Nani atakaa kitini ang'olewe mizizi kumi na mbili akiwa macho, ati ndio apate tabasamu jipya?

Kinachoudhi ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa tayari. Mwaka wa 1800, kijana Mwingereza anaitwa Humphry Davy, wa miaka 21 tu, alichapisha kitabu kizima kuhusu gesi ya nitrasi oksaidi. Alikuwa anaivuta mwenyewe. Siku moja fizi yake ilikuwa inamuuma kwa sababu ya gego la mwisho, lile Wazungu huliita jino la hekima, akaona akivuta gesi uchungu unapoa. Akaandika kwamba huenda ingefaa kwa upasuaji usiomwaga damu nyingi. Sentensi hiyo ikakaa kitabuni miaka 44. Watu waliichukua gesi, wakaacha sentensi. Waliitumia kwa sherehe: unavuta, unacheka, unayumbayumba, wenzako wanakufa kwa kicheko. Sisi binadamu hatujabadilika hata kidogo, bana.

Sasa fika Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, jioni ya tarehe 10 Desemba 1844. Jamaa anaitwa Gardner Quincy Colton, aliyekuwa amesomea udaktari bila kumaliza, anazunguka miji akiuza shoo ya gesi ya kuchekesha. Ukitaka kupanda jukwaani uvute, karibu. Kati ya waliopanda alikuwa Samuel Cooley, mfanyakazi wa duka la dawa. Akavuta, akaanza fujo, akakimbizana na mtu ukumbini, akajigonga mguu kwa kiti. Aliporudi kukaa, damu ilikuwa inashuka, na yeye hana habari.

Ukumbi wote ulikuwa unacheka. Mtu mmoja tu aliangalia mguu. Horace Wells, daktari wa meno, miaka 29, alikuwa amekuja na mke wake Elizabeth kujiburudisha. Akamuuliza Cooley kama alisikia uchungu alipojigonga. Cooley akasema hakusikia kitu.

Hapa ndipo namheshimu Wells. Hakwenda kutafuta mgonjwa maskini wa kumjaribia. Asubuhi yake, tarehe 11, alimwita Colton na mfuko wake wa gesi, akamwita daktari mwenzake John Riggs, akakaa kitini yeye mwenyewe. Alikuwa na gego linalomsumbua. Akavuta hadi kichwa kikalegea, Riggs akang'oa. Hakuna mtu chumbani aliyejua kama ataamka. Aliamka, akatangaza kwamba hajasikia zaidi ya kuchomwa na pini.

Wiki zilizofuata akaitumia kwa wateja zaidi ya kumi, na kwa wengi ikafanya kazi. Kisha akafanya kile kila mtu wa umri wetu angefanya akipata kitu kikali: akataka kukionyesha mji mkubwa. Januari 1845 akaenda Boston. Huko alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani ambaye pia walikuwa wameshirikiana biashara, William Morton. Wakamfikia John Collins Warren, mpasuaji mkubwa wa mji, naye akakubali Wells aonyeshe mbele ya wanafunzi wa udaktari. Mgonjwa akapatikana, jino likapatikana.

Lakini mfuko wa gesi uliondolewa mapema. Jino lilipovutwa, jamaa akapiga kelele.

Ukumbi ukalipuka. Wanafunzi wakamzomea, wakamwita tapeli, wakatoka. Baadaye yule mgonjwa alisema hakusikia uchungu mwingi, hata hakujua jino lilitoka wakati gani. Nani alimsikiliza? Watu walikuwa wamesikia kelele na walikuwa wameshaamua.

Nimekaa na hiyo picha siku nyingi, kwa sababu iko kinyume kabisa na yangu. Mgonjwa wa Boston alilia, wakasema dawa ni uongo. Mimi nilisema naumwa, nikaambiwa dawa inafanya kazi, wewe ndio muongo. Hali ni tofauti, lakini pande zote mbili mtu wa mwisho kuulizwa ni yule mwenye mdomo wazi.

Wells alirudi nyumbani, akaugua, akawa anafunga na kufungua kliniki mara kwa mara. Akajaribu kuuza mabafu ya manyunyu. Akajaribu maonyesho ya ndege wa kanari. Mtu aliyegundua jambo kubwa hivi, anauza kanari! Mwenzake Morton, huku nyuma, alikuwa ameona kilichokosekana: dawa yenye nguvu zaidi kuliko ile gesi. Akaenda kwa Charles Jackson, daktari na mkemia, akapata ushauri kuhusu etha. Tarehe 30 Septemba 1846 akamng'oa jino mteja anaitwa Eben Frost bila uchungu, na habari ikaingia gazetini. Wiki mbili baadaye, tarehe 16 Oktoba, Hospitali Kuu ya Massachusetts ikamfungulia ukumbi wa wakubwa. Mgonjwa alikuwa Edward Gilbert Abbott, mwenye uvimbe shingoni. Mpasuaji alikuwa Warren, ndiyo, yule yule. Abbott akavuta etha, Warren akakata, ukumbi ukanyamaza. Alipomaliza, Warren aliwageukia watazamaji akawaambia kwamba safari hii si utapeli. Alilirudia neno lile lile alilozomewa nalo Wells. Ukumbi huo uko hadi leo, na unaitwa Kuba ya Etha.

Ndani ya miezi michache London na Paris zilikuwa zinaitumia. Wapasuaji ambao kazi yao yote ilikuwa kasi wakaanza kujifunza kitu kipya, yaani upole.

Na Morton? Morton alitaka pesa, wasee. Alitia etha rangi na manukato isijulikane ni nini, akaiita Letheon, akachukua hataza Novemba 1846. Lakini harufu ya etha haifichiki, na kila daktari alijua. Hapo ndipo vita vikaanza. Jackson akasema wazo ni lake. Wells akasema mimi nilianza. Halafu mwaka wa 1849 akajitokeza daktari wa mashambani kule Georgia, Crawford Long, na ushahidi kwamba alimtoa mgonjwa uvimbe wa shingo kwa etha tarehe 30 Machi 1842, miaka minne kabla ya Morton, ila alikuwa hajachapisha popote. Somo la bure kwa waliokaa na kazi nzuri kwa simu wakisubiri iwe kamilifu.

Boston yenyewe ilichoka na ugomvi. Mwaka wa 1868 walijenga mnara kwenye bustani ya mji kuadhimisha etha. Mnara mrefu, maandishi mengi, na hakuna jina la mgunduzi hata mmoja. Ukifikiria vizuri, huo ni utani mkali sana kuwahi kuchongwa kwa jiwe.

Mwisho wa Wells nitausema haraka kwa sababu unaniuma. Januari 1848 alikuwa peke yake New York, akijijaribia klorofomu, dawa mpya iliyokuwa imetangazwa na James Simpson wa Edinburgh miezi miwili nyuma. Siku baada ya siku, akivuta, akirekodi, akivuta tena. Ikamteka akili. Tarehe 21, siku aliyotimiza miaka 33, alitoka barabarani akiwa hajitambui akawamwagia wanawake wawili tindikali. Alipopata fahamu ndani ya gereza na kujua alichofanya, hakuweza kuishi nacho. Alijitoa uhai tarehe 24. Chama cha madaktari cha Paris kilikuwa kimeamua kumtambua kama mgunduzi. Habari zilifika akiwa ameshakufa.

Siku nne baada ya kifo chake, kaskazini mwa Uingereza, msichana wa miaka 15 anaitwa Hannah Greener alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu. Ukucha tu. Alikufa pale pale. Yeye anahesabiwa kama kifo cha kwanza kilichorekodiwa cha nusukaputi. Nimemweka hapa makusudi, kwa sababu kuna wasee huwa wanasema "mimi nilazwe kabisa, sitaki kuskia kitu," kama vile kulazwa ni kupanda gredi kwa ndege. Kulazwa kabisa kuna bei yake, na tangu mwaka ule wa 1848 dunia imekuwa ikijifunza bei hiyo. Uingereza yenyewe iliruhusu nusukaputi kwenye kliniki za meno za mtaani kwa zaidi ya karne nzima. Watu, wengine watoto, walikufa vitini. Ni tangu mwanzo wa 2002 tu ambapo huko lazima ifanyiwe hospitalini penye vifaa vya wagonjwa mahututi.

Sasa, mnaona tatizo? Gesi inachekesha lakini inaisha haraka. Etha na klorofomu zinazima mtu mzima kwa sababu ya jino moja. Ni kama kuzima stima ya mtaa wote ndio ubadilishe balbu. Kilichotakiwa ni kuzima chumba kimoja.

Chumba hicho kilizimwa na jani la koka. Watu wa milima ya Andes kule Amerika Kusini walikuwa wakilitafuna kwa maelfu ya miaka, na anayelitafuna hujua ulimi unavyokufa ganzi. Wajerumani wakatoa kemikali yake karibu 1860, wakaiita kokeini. Ndiyo, hiyo hiyo. Mwaka wa 1884, Carl Koller, daktari kijana wa Vienna na rafiki ya Sigmund Freud, aliidondosha kwenye jicho, kwanza la wanyama kisha lake na la mwenzake, wakagusa jicho na pini. Hakuna kitu. Kabla mwaka uishe, kule New York mpasuaji William Halsted na mwenzake Richard Hall walikuwa wameshaidunga karibu na mshipa wa fahamu unaoingia taya la chini. Nusu ya taya ikafa ganzi mtu akiwa macho, anaongea. Sindano ile ile uliyodungwa wewe, sehemu ile ile, nyuma kabisa mdomoni ambapo mkono wa daktari unaingia mpaka unadhani anatafuta funguo. Mbinu hiyo ina zaidi ya miaka 140.

Lakini waliidunga nani kwanza? Walijidunga wenyewe, na wanafunzi wao. Halsted na Hall wote wakawa watumwa wa kokeini. Halsted alipelekwa kutibiwa, akabadilishiwa mofini, na akaishi na mofini muda mrefu huku akiwa mmoja wa wapasuaji wakubwa kuwahi kutokea Marekani. Hesabu basi: Wells klorofomu, Halsted kokeini. Ganzi yako imelipiwa na watu walioumia kwa kujijaribia wao wenyewe, na sijui nisikie nini kuhusu hilo, shukrani ama hasira.

Kokeini pia iliua wagonjwa, kwa hivyo wakemia wakatafuta ndugu yake asiye na tabia mbaya. Mwaka wa 1904 Mjerumani Alfred Einhorn akapata prokeini, iliyouzwa kwa jina la Novocain. Hiyo ndiyo ilikaa midomoni mwa watu karibu miaka 40. Halafu 1943, Uswidi, Nils Löfgren na mwanafunzi wake Bengt Lundqvist wakatengeneza lidokeini. Lundqvist alikuwa na miaka ishirini na kitu, umri wetu. Alijidunga nyumbani kwake, akifuata kitabu cha mbinu za ganzi. Tena huyo! Kampuni ya Astra ikaiingiza sokoni 1948 kama Xylocaine. Leo lidokeini pamoja na adrenalini, kwenye kile kichupa kidogo cha daktari wa meno, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Adrenalini iko pale kubana mishipa ya damu ili dawa isisombwe haraka. Ndiyo maana pia moyo wako hupiga mbio dakika moja baada ya sindano na unadhani unakufa. Hufi.

Basi kwa nini yangu ilikataa?

Dawa hii inafanya kazi kwa kufunga vimilango vya sodiamu kwenye mshipa wa fahamu, ujumbe wa uchungu usipite. Lakini lazima kwanza ipenye ndani ya mshipa, na sehemu yenye usaha na uvimbe huwa na asidi nyingi. Kwenye asidi, dawa nyingi inabaki kwa hali ambayo haipenyi. Mimi nilikuwa nimeenda na gego limevimba siku tano, nimelidanganya na vidonge vya duka na karafuu. Pili, mfupa wa taya la chini kwa magego ni mnene, dawa haipenyi kama juu, kwa hivyo daktari lazima aupate mshipa kule nyuma kabla haujaingia mfupani. Anaulenga bila kuuona. Hata mikono mizuri hukosa mara nyingine. Mdomo kuwa mzito haimaanishi jino limelala. Tatu, inahitaji dakika, na siku hiyo foleni ilikuwa mpaka nje.

Na kusema ukweli wote, daktari hakudanganya kabisa. Ganzi huzima uchungu mapema kuliko inavyozima kusukumwa. Mtu anaweza kusikia mvuto mkubwa na kelele ya mfupa bila uchungu wowote, na ni vigumu kutofautisha ukiwa umeogopa. Lakini kuna njia ya kujua, nayo ni kungoja, kugusa fizi kwa kifaa chenye ncha, kuuliza, kuongeza dawa kando ya jino lenyewe, ama kumpa mgonjwa dawa za kutuliza maambukizi na kumrudisha siku nyingine. "Jikaze" si moja ya hizo njia.

Ukienda, jua kuna ngazi. Jino la kawaida, ganzi ya sindano inatosha. Kama hofu ndiyo inakuua, kuna ile gesi ya Wells, ingali hai. Colton mwenyewe, yule wa shoo, aliirudisha 1863 na kufungua kliniki New York ya kung'oa meno kwa gesi, maelfu kwa maelfu. Siku hizo waliipa kavu, wagonjwa wakigeuka rangi. Mwaka wa 1868 daktari wa Chicago, Edmund Andrews, akapendekeza ichanganywe na oksijeni, na ndivyo inavyopewa sasa kupitia puani. Dakika chache baada ya kuitoa unarudi sawa. Juu yake kuna vidonge vya kutuliza, kisha dawa kama midazolamu kwa mshipa wa mkono: unaongea, unatii ukiambiwa fungua mdomo, na kesho hukumbuki kitu. Ila hizi zote hutuliza hofu. Bado lazima udungwe ganzi, na nimekutana na watu wengi wasiojua hilo. Uende na mtu wa kukurudisha nyumbani, usiendeshe boda siku hiyo. Mwisho kabisa ni nusukaputi, hospitalini, na tumbo tupu: chakula uache angalau saa sita mbele. Wanaposema usile, usifiche chapati. Ukitapika ukiwa umezimwa, inaingia mapafuni. Hiyo hufaa magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa, taya lililovunjika, mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu. Si kila mtu anaihitaji na si kila mfuko unaiweza.

Mwezi wa nane nilienda ushago, Siaya, kumuona dani. Ana miaka zaidi ya themanini, na mbele chini hana meno sita. Yalitolewa akiwa msichana, desturi ya nak, kama wenzake wote. Nilikuwa nimeona hilo pengo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza lilipatikanaje. Nikamuuliza. Akasema ni asubuhi moja, kwa chuma, na kulia ilikuwa aibu kwa nyumba yenu, kwa hivyo hakuna aliyelia.

"Kwani haikuuma, dani?"

Aliniangalia kama mtu ameuliza kama maji yana unyevu. "Iliuma, nyakwara. Hakuna aliyeniuliza kama iliuma. Wewe ndio wa kwanza."

Nikamweleza yangu, na vile nililia kwa matatu. Nilidhani atacheka. Yeye alitaka kujua kwa nini sikumwambia daktari aache.

Gego langu la upande wa pili lilikuwa linangoja. Wiki iliyopita nilienda mahali pengine, kabla halijavimba. Kabla hata kiti hakijalala, nilimwambia daktari kwamba mara ya mwisho ganzi haikushika na nitainua mkono wa kushoto kama bado naskia. Alikuwa mama wa makamo, akasema sawa, akadunga polepole, akatoka nje dakika kumi. Akarudi, akagusa fizi na ile ncha.

"Hapa?"

"Naskia kidogo."

Akaweka kifaa chini, akajaza sindano nyingine.